Gramu Hamsini

Miaka thelathini na minne nilikagua mizani za Kassel:
za wachinjaji, za masonara, za posta,
ile kubwa ya magunia pale stesheni.
Iliyosema kweli niliipiga muhuri wa buluu,
iliyozoea kuiba kijiko kijiko niliipiga mwekundu.
Sikuwa mtu wa kupendwa sokoni.

Sasa nina mimea mitatu ya bangi bafuni.

Mitatu, si minne. Wa nne uliota wenyewe,
mbegu iliyojificha kwenye udongo wa wa pili;
nikaung'oa kabla haujafikisha jani la tano.
Mlango naufunga kwa kufuli. Jirani yangu, Bi Osterkamp,
ana mjukuu wa miaka sita mwenye maswali sitini.
Ruhusa ilianza Aprili mosi, sikukuu ya wajinga;
nilingoja hadi tarehe mbili, nihakikishe hawatutanii.

Oktoba nikavuna. Nikaanika kwenye kamba ya soksi.
Nikaitoa kabatini mizani ya shaba,
zawadi ya idara siku niliyostaafu.
Gramu mia moja sitini na tatu.

Na sheria ile ile iliyosema panda mitatu
inasema: nyumbani usizidishe hamsini.
Nikaisoma nimevaa miwani, kisha bila miwani.
Kuuza, hapana. Kumpa mtu, hapana, hata bure,
hata Bi Osterkamp na magoti yake.
Umeruhusiwa kufuga ng'ombe,
maziwa umehesabiwa vikombe.
Kinachozidi kiharibiwe.

Mwingine angecheka, akafumba jicho.

Mwaka themanini na tatu kaka yangu Volkmar
alikuwa na vyungu viwili kwenye roshani,
kati ya nyanya na kreti ya bia.
Polisi walipanda ngazi saa kumi na mbili asubuhi.
Wakapima majani jikoni, mbele ya mama,
juu ya kitambaa alichokitarizi kwa ajili ya Pasaka,
na mama baadaye aliniambia neno moja tu:
mizani yao ina muhuri wa buluu.

Muhuri wangu. Machi ya mwaka ule.
Niliikagua mara mbili; haikukosea hata nusu gramu.
Kaka yangu akafungwa miezi minane
kwa uzito uliokuwa sahihi kabisa.

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichosha.
Alipotoka aliniita Dada Muhuri,
akacheka kwa upande mmoja wa mdomo,
akaendelea kucheka hivyo hadi alipokufa,
jina lake likiwa bado ndani ya faili.

Wasemao sheria ni msumeno wamekosea kifaa.
Msumeno ukishakata, pengo linaonekana.
Sheria ni mizani. Majani kwenye sahani ni yale yale;
kuna mtu upande wa pili
amebadilisha jiwe.

Basi gramu mia moja kumi na tatu nilizichemsha,
nikazichanganya na maganda ya viazi na machicha ya kahawa,
nikazika kwenye mboji.
Jikoni kulinuka chumba cha Volkmar.
Nilifungua dirisha.
Nikalifunga.

Barabarani naruhusiwa kubeba ishirini na tano.
Jumapili nilizipima (punje moja niliitoa kwa kibano,
sindano ilikuwa imeinama kidogo),
nikapanda tramu hadi makaburini,
nikakaa kwenye benchi lenye umande, mkono mfukoni,
kama mwizi mwenye kibali.

Kumpa mtu mwingine ni kosa, imeandikwa.
Nimesoma vifungu vyote, na vile vya herufi ndogo;
sikuona mahali palipoeleza
kama marehemu ni mtu mwingine.

Niliporudi nyumbani nilipima tena.
Kwa mara ya kwanza maishani mwangu
jibu sikuliandika.