Gramu Arobaini

Mizani ya unga, iliyonilisha miaka thelathini,
sasa kazi yake ni kumpima Tizón.
Kila Jumapili, kabla ya chai,
namweka ndani ya bakuli la kukandia
naye anakaa humo kama mfalme aliyepinduliwa,
mkia nje, macho dirishani,
akiitazama mvua ya Valdivia
kana kwamba ni mimi niliyeileta.

Kilo tatu, gramu mia na ishirini.
Wiki iliyopita, mia na sitini.
Gramu arobaini ni yai dogo, bila ganda.
Nilipasua yai nikalipima, nipate hakika.
Ndivyo nilivyo siku hizi.

Jina lake maana yake kijinga cha moto,
na ujinga pia alikuwa nao:
aliruka toka juu ya kabati hadi begani kwa Osvaldo,
kahawa ikamwagika, Osvaldo akacheka mpaka akakohoa.
Osvaldo hayupo. Weusi wa paka umeshika kutu.
Toka jikoni hadi kwenye maji ni safari,
naye husimama katikati
kama mtoto aliyesahau alichotumwa.

Anakunywa maji mno.
Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu.

Kwa daktari tunakwenda kwa miguu,
yeye kikapuni, chini ya koti la mvua la Osvaldo,
mimi nimelowa.
Sokoni, kando ya mto,
simba-bahari wanabweka wakidai vichwa vya samaki.
Zamani, tukifika hapa, kikapu kilipiga kelele,
na Don Eliecer angesema, "Mwenye deni kafika!"
Leo amepenyeza kipande kinono.
Kikapu kimya.
Tukatazamana, mimi na yeye,
kisha akafuta kisu ambacho kilikuwa safi.

Daktari Ayelén huipasha mikono kwenye hita
kabla ya kumgusa. Kwa hilo tu nampenda.
Akasema mafigo.
Akasema maji chini ya ngozi, siku moja kwa moja,
utamdunga mwenyewe, utazoea.
Nikauliza bei kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.
Nikauliza, anaumwa?
"Paka hawasemi," akajibu,
kisha akaniangalia mimi, si paka:
"Na wewe, senyora, presha yako anaipima nani?"
Nikasema, paka wa nyumba haingwa.
Jibu halikuhusu swali.
Akaliandika hata hivyo, au alijifanya.

Kwenye mlango wa friji ipo barua ya hospitali:
moyo, ghorofa ya pili, uje bila kula.
Tarehe imepita.
Siku hiyo tulikuwa na miadi ya damu, yake.

Usiku namdunga. Mkono unatetemeka, sindano haitetemeki,
sijui ni kwa nini.
Anajaa nundu begani kama ngamia mdogo,
ananitazama bila kinyongo,
na hilo ndilo linaloniumiza.

Wanasema ana roho saba.
Nimejaribu kuzihesabu alizokwisha tumia:
lori la kuni, mbwa wa Hortensia,
sumu ya panya, wiki ile ndani ya dari.
Nne. Kile kiangazi alichopotea
sijui kama nacho nikihesabu.

Pumzi zisipofika thelathini kwa dakika, alisema daktari,
usihofu.
Nimekaa na saa ya Osvaldo gizani.
Kumi na nane, kumi na tisa,
ukuni ukapasuka jikoni, hesabu ikanitoka.
Naanza upya.
Moja.

Saa kumi alfajiri akanipanda kifuani,
palepale panapopiga vibaya,
kilo tatu, gramu mia na ishirini,
akadai chakula bila adabu, bila tafadhali.
Nikaamka huku namtukana.
Akala nusu.
Ile nusu nyingine nikaipima.