Stepni

Saa kumi kasoro robo, Segerea bado imefunga macho,
Stepni ameshapanda juu ya kiti cha baiskeli,
mkia unaning'inia kama kamba ya turubai.
Anahesabu chupa.
Nikijaza mbili, ni Kibaha na kurudi: anapiga miayo.
Nikijaza nne, anashuka bila kuaga,
anapenya chini ya geti kwenda kwa Sikudhani
anayekaanga vibua, na hana tabia ya kuondoka.

Nilimwokota Mlandizi, ndani ya kalavati,
siku tairi lilipopasuka mara tatu na viraka vikaniishia.
Nilijibanza humo nikikimbia jua,
nikasikia kitu kinalia kama breki kavu.
Hakujaza hata kiganja.
Nikamtia mfuko wa mgongoni, penye ndizi;
tulifika mjini ndizi uji, paka anakoroma.
Fundi Mahimbo akacheka hadi spana ikamponyoka:
"Umekwenda bila tairi la akiba, umerudi na hilo?"
Jina likaganda hapo hapo.

Sasa shuka zangu zina nyayo za grisi.
Mnyororo nikiupaka mafuta, yeye anauwinda.
Dagaa wake wa mwezi ni bei ya tairi,
nimepiga hesabu, nikaifuta.
"Mtu mzima," Sikudhani ananiambia kupitia dirishani,
"nyumba nzima vyuma na paka!"
Simjibu. Nimeuma kifuniko cha valvu kwa meno.

Mwezi wa saba tulipanga Morogoro, watu sita.
Kwetu maji yalikatika siku mbili,
chupa nikajazia kwa Mahimbo, usiku, nikaziacha huko huko.
Nilitoka gizani mikono mitupu.

Kimara, Mbezi, Kiluvya, taa zetu nyekundu
kama vijinga vya moto vilivyopangwa mstari.
Vigwaza malori ya Kongo yalipanga foleni ya mizani;
Mwanisawa akampigia askari kelele: "Na sisi tupime!"
Askari akamtazama miguu: "Nyie hamfiki hata gunia."
Ruvu tulishuka kwa kasi, machozi yakaenda masikioni.
Niliimba. Sijui niliimba nini.

Chalinze, chai mkononi, simu.
"Paka wako hajaja. Kibua kimepoa.
Na alfajiri kuna gari lilifunga breki hapo nje."
Basi. Akakata.

Mbele, kilomita themanini na kitu.
Nyuma, mia na kitu, na upepo wote wa usoni.
Wenzangu wakaangalia viatu vyao.
"Ni paka tu," akasema Mwanisawa,
kisha akanipa chupa yake.

Kurudi sina la kusimulia.
Paja lilikaza Ruvu, nikasukuma baiskeli kama mkokoteni.
Mlandizi, kila kalavati nilipunguza mwendo,
nikaita, mtu mzima, jina la gurudumu,
wauza nanasi wakidhani nimedondosha kitu.
Labda alikuwa amerudi kwao. Nilifikiri hivyo kweli.

Saa kumi na moja jioni nikafungua mlango.
Alikuwa uvunguni, ndani ya boksi la mipira chakavu,
amejikunja mviringo, kama jina lake.
Hakuona chupa.
Kwa hesabu yake sikwenda popote,
nimefika dukani tu, narudi,
akaningoja kutwa nzima na njaa yake.

Akafumbua jicho moja.
Akanilamba chumvi ya mguuni, ulimi msasa,
kuanzia goti hadi soksi, bila haraka,
kama anayesoma barua ya mtu aliyekawia.

Mwanisawa alinitumia picha za Uluguru.
Milima ya kijani, mawingu yameikalia mabegani.
Watu wakiniuliza Morogoro pakoje
nawaambia Chalinze chai yao ina tangawizi nyingi.

Jumamosi tunajaribu tena.
Maji yapo. Nimekaa kibarazani na chupa nne,
najaza mbele ya macho yake, moja moja,
nikitaja namba kwa sauti.
Ya nne nimeishika.
Anaangalia bomba. Ananiangalia mimi.