Ngazi ya Bwana Ormerod

Bi Haworth amechora ubaoni nyumba mbili
na ua katikati, chaki ikilia.
Aliye huku, asema, ni *lend*. Aliye kule, *borrow*.
Shivan kinyozi, viganja bado vinanuka povu,
anauliza: na kitu chenyewe?
Kitu ni kilekile. Tazama kinaelekea wapi.

Anacheka peke yake njiani, mvua ya Oldham ikimchapa,
maana tangu msimu wa baridi amemwambia jirani *borrow*
akikusudia *lend*,
na mzee Ormerod hakuwahi kumsahihisha:
alipokea keekee, akatoa ngazi.

Mimi ninayeandika haya sina ubao.
Kwangu azima ni moja, hutazama kote kuwili:
niazime, nimeazima,
nani alianza, tumeshasahau.

Ngazi ingali imeegemea ukuta wa Shivan.
Ilivuka ua Jumanne, kwa ajili ya mfereji wa paa.
Alhamisi gari la wagonjwa lilikuja
bila king'ora.

Sasa nyumba ya pili ina kibao: INAUZWA.
Keekee imo humo ndani, nyuma ya mapazia.
Kila Jumapili Shivan huipangusa ngazi, haipandi.
Jana alifungua daftari la kazi ya nyumbani,
akaandika, kwa herufi za duara, *I borrowed a ladder from*
na hapo kalamu ikasita.

Bi Haworth, wino mwekundu, pembeni:
Sentensi haijaisha.