Alama za Zygmunt

Zygmunt, mwezi wa kwanza niliambiwa sipo.

Si kwa maneno hayo. Kijana wa benki, Tavion,
tai imemkaba, sauti ya upole kama ya daktari,
aligeuza kompyuta ili nijionee:
mahali pa alama zangu palikuwa patupu.
Si mia tatu, si mia nane. Patupu.
"Mama Kuzmicki, hujawahi kukopa."
Sijawahi, nikajibu, kidevu juu.
Nilidhani najisifu,
kumbe nakiri kosa.

Hapa Erie theluji ilikuwa imefika madirishani
na tanuri la kupasha nyumba lilikufa Jumanne,
lilikohoa mara mbili, kama wewe.
Fundi alitaka dola elfu sita na mia nne.
Nilikuwa na elfu moja na mia moja kwenye kopo la kahawa,
na risiti za miaka thelathini na minane.

Unazikumbuka risiti?
Kila tarehe tatu, nikishaegesha basi la shule,
nilikwenda kwa miguu kulipa gesi, gari, rehani ya nyumba,
noti nimezifunga kwa mpira,
barafu ikiniuma vidole.
Sikuchelewa. Hata siku tuliyomzika mama sikuchelewa.
Nikatoa cheti chako cha kifo,
Tavion akafungua faili lako:
mia saba tisini na moja.
"Mumeo alikuwa mlipaji hodari," akasema.

Nilicheka mpaka mlinzi akageuka.
Ngazi ilipandwa na miguu yangu,
jina lako ndilo lililofika juu.

Husemwa, kukopa harusi, kulipa matanga.
Huku asiyekopa hana harusi wala matanga.
Mizani yao haipimi ulichonacho,
mshahara haiujui, kopo la kahawa haiulizi.
Inauliza: ulipoaminiwa, ulirudisha?
Lini?
Swali lenyewe si baya.
Ila mimi sikuwahi kuulizwa.

Basi nikaanza, na miaka yangu sitini na mmoja,
kama mtoto anayefunzwa kushika kijiko.
Niliweka kwao dhamana ya dola mia mbili,
nikapewa kadi ya dola mia mbili:
yaani nakopeshwa pesa zangu mwenyewe.
Nanunua petroli tu. Nikifika hamsini nasimama,
maana anayekomba chungu chote
huonekana ana njaa, na mwenye njaa haaminiki.
Nalipa yote kabla ya tarehe.
Duka la viatu lilinibembeleza nichukue kadi yao,
nikakataa; kila mlango mpya ninaobisha
huacha tope kwenye ripoti.

Halafu mwezi wa saba, balaa.
Ripoti ikaleta deni la mashine ya kukimbilia
iliyonunuliwa Tulsa na Bernadette Kuzminski.
Mimi Bernadine. Mimi Kuzmicki.
Mimi, na goti hili!
Niliandika barua kwa mkono, nikaambatisha nakala,
nikaituma kwa rejista, nikahesabu siku thelathini
kama mfungwa anavyohesabu kwa mkaa ukutani.
Siku ya ishirini na sita wakaifuta.
Hawakuomba radhi. Mashine huwa haziombi.

Usiku wa baridi ile nililala na koti lako la kiwandani.
Bado linanuka mafuta.
Nilikulaumu, nikakusamehe, nikakulaumu tena,
maana hukuniibia, hukujua hata wewe,
kila fomu ilikuja na mstari mmoja wa sahihi
na sote wawili tulijua kalamu ni ya nani.

Leo Oktoba. Theluji bado, ila ziwa limeanza kuwa na rangi ya bati.
Tavion kapiga simu mwenyewe, sauti inamcheka:
mia sita sabini na mbili.
Fundi anakuja Alhamisi. Riba si ya kirafiki,
lakini mkataba una jina moja tu, na si lako.

Nimegeuza picha yako ya kuvua samaki
nikaandika nyuma, kwa penseli, namba yako,
chini yake namba yangu, nikatoa.
Zimebaki mia moja na kumi na tisa.
Hizo, mume wangu,
nakudai.