Kupika na Kupakua

Simu ilitoka Olomouc, Jumanne,
theluji ikiwa bado haijaamua.
Mfamasia, Bohdana Kratinová, sauti kavu kama kibandiko cha chupa:
"Karatasi yenu ya dawa ya kikohozi
inasema watoto wapewe vijiko viwili, ila wenye umri…
ila wenye umri nini? Sentensi imekatwa shingo."

Nikafungua faili. Chanzo kilikuwa salama:
ila wenye umri <6, wasipewe kabisa.
Lakini kwenye karatasi, kuanzia kile kijishale
hadi mwisho wa aya, kweupe.
Mashine ilidhani imefunguliwa mlango,
ikaingia, ikameza maneno, ikafuta mdomo.

Mkono ulioandika programu ile ni wangu.
Miaka kumi na tisa iliyopita, Brno, ghorofa ya tatu,
radiata ikigugumia ukutani,
nilijiona fundi: nageuza huku natamka,
napika huku napakua,
kila tawi la waraka nikishalikata
nalirusha papo hapo dirishani likiwa herufi,
mabano nayachonga kwa mkono, moja moja,
na palipobana muda niliandika amri ndogo:
alama hii usiifunike, ipite kama ilivyo.
Ikapita uchi.
Miaka kumi na tisa.

Zdislava, aliyetujia kutoka Zlín,
mwenye tabia ya kula tufaha pamoja na mbegu zake,
alisoma kurasa zangu siku mbili bila neno.
Kisha: "Bwana Vratislav,
hapa nani anageuza, na nani anaandika?"
Mimi.
"Yote mawili?"
Yote mawili.
Akakitazama kikonyo, kitu pekee kilichobaki mkononi.
"Ndiyo maana."

Nilitaka kumweleza bei ya kumbukumbu enzi zile,
jinsi mti mzima usivyoenea tumboni mwa mashine,
ukalazimika kuula na kuutema kwa vipande.
Ilikuwa kweli.
Haikuwa jibu.

Wiki tatu tukapasua.
Kwanza chumba cha kugeuza. Humo hamna herufi ya hatari,
hamna kishale, hamna jedwali la usimbaji,
hamna anayejali ř itavaa nini ikitoka.
Mna mti tu, na vifundo vyake.
Aya inahamia chini ya kichwa chake,
onyo linapanda juu, mahali onyo linapostahili,
na chini ya sita ni chini ya sita,
wazo ambalo bado halijapewa mdomo.

Kisha, mlangoni, mpakuzi.
Hapiki. Hata chumvi haongezi.
Anaupokea mti, anaulaza, anaupanga foleni,
jani nyuma ya jani, mpaka uwe mstari mmoja mrefu,
na kila alama inayouma anaivisha kabla haijavuka kizingiti:
vazi hili kwa karatasi, lile kwa kioo cha simu,
na nukta zilizovimba kwa vidole vya wasioona.
Anaivisha mara moja.
Mara mbili ni sanda.

Nikauliza, kwa wivu kidogo: na mpakuzi akikosea?
"Tutajua mlango wa kubisha."

Mstari wa mwisho, ile amri yangu ndogo,
aliniachia niufute mwenyewe.
Akatoka kwenda kuosha kikombe
ambacho, nilikiona, kilikuwa safi.
Kidole kilikaa juu ya kitufe
muda mrefu kuliko unavyostahili mstari mmoja.

Karatasi mpya ziliondoka Ijumaa na gari la saa nane.
Nilikaa karibu na simu hadi jioni,
nikaiinua mara moja kuhakikisha ni nzima.
Bohdana hakupiga.
Katika kazi yetu, hiyo ndiyo shukrani:
mahali fulani mama anasoma mpaka mwisho wa sentensi,
kisha anairudisha chupa kabatini.