Keria

Iliibiwa Alhamisi, nje ya zahanati ya Isevya,
nilipoingia kuchukua dawa za mama.
Dakika kumi tu, na kufuli nimefunga.
Kufuli waliniachia.

Polisi akauliza: namba ya fremu?
Nikamwambia: ina kovu.
Akaliandika neno hilo, akalitazama,
akalikata kwa rula.

Basi Jumapili nimekuja Kachoma
kwenye maturubai ya vyuma,
maana hapa baiskeli haiji nzima.
Huingia usiku kama mbuzi wa wizi,
na kabla ya adhana imeshachunwa:
mapaja huku, mbavu kule, pembe pale,
gololi ndani ya kopo la maziwa zinakutumbulia,
kila kiungo kina bei yake
na hakuna kiungo chenye mwenyewe.

"Spea za Kahama hizo," anasema Ngassa
kabla hujamuuliza.

Nikachutama, nikaanza kusoma kwa vidole.
Pedali siyo. Madigadi siyo.
Kengele nikaibonyeza, ikalia kigeni.
Tandiko la mtu mzito, limezama kulia,
nikalirudisha kwa adabu, kama nimekosea nyumba.
Kisha, chini ya mkungu wa minyororo,
keria.

Baba aliiunga mwaka wa tumbaku nzuri,
gunia la pili lilipoivunja njia ya Urambo.
Fundi hakuwa na chuma. Wakakata
mguu wa kitanda cha bibi.
Ndiyo maana upande mmoja ni bomba la duara,
na bibi alilala amejiinamia kwenye tofali
mpaka siku tulipomtoa.
Nani mwingine ana keria yenye mguu wa kitanda?

"Elfu nane," akasema Ngassa.
Nikasema ni yangu.
"Ndiyo maana nakupa kwa nane.
Mwingine angelipa kumi na mbili."

Tukashikana kwenye mia tano,
mimi nabishania bei ya usingizi wa bibi yangu,
ndipo nikasikia mtu anapumua nyuma.

Mwanamume, nta ya mizinga imemkauka kwenye kucha.
Hakunitazama. Alichutama
mbele ya baiskeli niliyokuja nayo,
ya mke wangu, ile ambayo gurudumu la nyuma
nililipata hapahapa, mwezi wa Ramadhani,
kwa bei iliyonong'ona.
Nami sikuiambia bei ipaze sauti.

Alihesabu njiti moja moja,
akasimama penye ile iliyozungushiwa uzi wa kijani,
uzi ambao mwaka mzima sikujiuliza ni wa nini.

"Mwanangu aliufunga," akasema.
"Alipenda kuuona unapotea nikikimbiza."

Nilitaka kumwambia: nililinunua.
Neno likafika mdomoni, likamkuta Ngassa
amekaa juu yake, anatafuna muwa.
Neno lenyewe ni moja, soko zima
tunaliazimana kama spana.

"Namba kumi na tano," nikasema.
Ngassa akaitoa chini ya paja,
akadai mia mbili ya kukodi.
Nikalipa mimi.
Yule bwana akashika fremu, nikalegeza nati,
ya kushoto ikagoma, tukaimwagia mate,
tukaipiga jiwe kwa zamu.
Hakuna aliyetamka mwizi.
Akalitundika gurudumu begani
akaishika njia ya Sikonge kwa miguu,
na uzi ukazunguka kidogo, kwa upepo.

Mke wangu alikuwa mlangoni.
"Ulikwenda na moja kutafuta moja," akasema,
"umerudi na ngapi?"
Sikuwa na hesabu hiyo.
Nikaiegemeza keria kwenye kitanda cha mama.
Macho yake siku hizi ni ya kufikiria tu;
akaipapasa, akalifikia lile bomba,
akalikwaruza kwa ukucha.

"Rangi yake bado ipo," akasema.
"Ya bluu."
Akalala amelishika.