Deni la Lita Tatu

Tuliondoka Ipogolo saa moja, ukungu umekalia mto
kama mgeni asiyejua kuaga.
Noah ya kuazima, mlango mmoja umefungwa kwa kamba,
nyuma Festo na Generosa wanagombea dirisha,
Tumpe na chupa ya chai, mama na Biblia,
na mimi kwenye usukani, niliyeapa sitaonja hata tone,
maana barabara hii ya malori haina msamaha.

Wazo lilikuwa la Tumpe. Alisema:
"Kila mwaka tunakwenda kwetu Tukuyu,
mnavuta kimpumu kwa mrija, mnasifia.
Mbona kwenu sijaonyeshwa kinachopikwa?"
Mama akakohoa. Ameokoka, mwaka wa kumi na tisa huu.
Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga mkanda.

Tanangozi, komoni:
nzito, rangi ya shamba lililonyeshewa usiku.
Tumpe akanywa nusu kopo, akafuta mdomo, akanyamaza,
na kwao Rungwe kunyamaza ni hukumu.
Mama hakushuka. Alishusha kioo tu,
akavuta pumzi moja:
"Kimea chao hakikuota. Wamekiwahisha juani."

Kwenye mianzi ya Ifunda jua lilichungulia kidogo.
Lukelo mgema akatuonyesha chipukizi
lililokatwa ncha, likainamishwa,
mbeta imening'inia chini yake.
Tone.
Kimya kirefu.
Tone.
"Unakata asubuhi, unakata jioni," alisema.
"Ukiusahau siku moja, wenyewe unakusahau msimu."
Watoto wakapewa mtogwa wa alfajiri ile ile,
wakanywa hadi masharubu meupe yakawaota.
Festo akauliza kama mwanzi unaumia.
Lukelo akakuna shingo kwa ncha ya kisu.
"Haujawahi kulalamika," akasema.
"Ila na mimi sijawahi kuuuliza."

Tulikuwa tugeuze. Mama ndiye aliyesema:
"Pinda hapo, kwenye mlingoti ulioanguka."
Kilabu cha bati, mabenchi ya magogo, kuku kwenye pipa.
Nilikijua kwa mgongo kabla ya macho:
hapa nilibebwa kila Jumamosi,
dada ameshika kopo la kupimia,
na ada ya shule ikipanda taratibu
pamoja na povu.

Mwanaume mmoja akasimama, kofia ya sufi, kikohozi.
"Kamwene, Sekalinga."
Jina hilo sikulisikia tangu tumzike baba.
Mjini yeye ni Mama Mchungaji Msaidizi.
"Nina deni lako," akasema. "Lita mbili.
Mwaka ule wa ugali wa njano."
"Tatu, Otmari," mama akajibu. "Usinipunje."

Kilabu kizima kikacheka, naye akacheka, kisha akakohoa.
Hela hakuwa nayo. Akaingia ndani,
akatoka na kidumu cha mkangafu,
kimezibwa kwa gunzi, kinanong'ona.
Tukamtazama mama. Hata kuku walitulia.
Akazibua. Akachovya kidole cha shahada,
akakigusisha ulimini, akafumba macho
kwa muda wa sala fupi.
"Umelala siku mbili. Ungeutoa jana."
Halafu: "Haya. Deni limekwisha."

Kurudi, alikipakata miguuni, Biblia juu ya magoti.
Kabla ya Tanangozi kuna tuta;
nililiona nimechelewa.
Gunzi likaruka likampiga Generosa sikioni,
povu likapanda, likafunika viatu vyake vya ibada.
Nikasubiri kemeo.
Mama alicheka mpaka akashika mlango,
ule wa kamba,
na Tumpe, kidole chake kwenye povu, akatamka mwishowe:
"Huu, sasa. Huu."

Jumapili mama alikwenda kanisani
na viatu vile vile.
Hakuvifuta.